Taa ya oili ikiwaka juu ya Kitonga: presha imepotelea wapi?

Lori lenye mzigo kamili limetoka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, limepanda mlima wa Kitonga kwa gia ndogo huku injini ikinguruma muda wote, na sasa limeegeshwa Ilula. Injini iko sailensa, yaani inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Taa nyekundu ya oili inaanza kupepesa. Dereva akigusa mafuta inazima, akiachia inarudi. Dalili hiyo imewanunulisha watu wengi pampu mpya ya oili, na baada ya kuifunga taa ikaendelea kupepesa vilevile.

Pampu haitengenezi presha. Pampu inasukuma oili tu. Presha inatokea pale oili inapobanwa kupita kwenye nafasi nyembamba kati ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na beringi zake, kwenye bushi za kamshafti (shafti inayofungua valvu), kwenye rokka (mikono inayozisukuma valvu hizo) na kwenye turbo (feni inayosukuma hewa kwenye silinda). Aliyewahi kumwagilia nyanya kwa mpira anaijua hali hii. Ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole maji yanaruka mbali. Mpira ukitoboka njiani sehemu kumi, mdomoni yanadondoka tu, na mashine ya maji haina kosa lolote. Kwenye injini tundu hizo ni nafasi za beringi, na zina hesabu kali: nafasi ikiongezeka mara mbili, oili inayovuja hapo inaongezeka mara nane. Oili yenyewe ikipungua uzito, yaani ugumu wake wa kutiririka, kwa nusu, uvujaji unaongezeka mara mbili. Ndiyo maana beringi iliyokula sehemu ndogo tu ya milimita inaweza kushusha presha ya injini nzima, na ndiyo maana tatizo linajitokeza injini ikiwa ya moto, oili ikiwa nyepesi na pampu ikizunguka polepole.

Kazi basi ni kupima kwanza na kufungua baadaye, ukianza na kisicho na gharama.

Taa ikiwaka ukiwa njiani

Usizime injini gari likiwa kwenye mwendo, hasa mteremkoni. Ukizima unapoteza nguvu ya usukani, brenki ya injini na upepo wa brenki unaojazwa na kompresa. Toa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kuegesha, vuta brenki ya mkono, kisha zima. Utingo aweke vigingi na pembe tatu za tahadhari. Mkitumia mawe kuzuia matairi, myaondoe mnapoondoka; jiwe lililoachwa kwenye lami ya Kitonga au Mlima Nyoka usiku linaua mtu mwingine.

Usiwashe tena "kujaribu tu". Beringi isiyo na oili inaharibika kwa muda mfupi kuliko ule wa kumpigia fundi simu. Kama injini tayari inagonga kwa sauti nzito kutoka chini, hakuna cha kujaribu: gari livutwe.

Kijiti cha oili kina habari nyingi kuliko usawa

Egesha sehemu tambarare, subiri dakika 10 hadi 15 oili irudi chini, ndipo uchomoe kijiti. Pungufu ni rahisi kuelewa: pampu inafyonza hewa, zaidi gari linapoinama mlimani au kwenye kona. Iliyozidi nayo ni ugonjwa. Krenki inaifikia, inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halishiki presha.

Kinachostahili kukushtua ni usawa unaopanda wenyewe bila mtu kuongeza. Hapo kuna kitu kinaingia, na ni dizeli au maji.

Nusa kijiti. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe nyepesi na uiache kwa saa chache. Dizeli inatambaa mbali na kuacha pete nyepesi kuzunguka doa jeusi. Dizeli ikizidi asilimia 5, oili hiyo haifai tena. Inaingilia kwenye nozeli (inayopuliza dizeli kwenye silinda) inayovuja, kwenye mipira ya nozeli, kwenye sili ya shafti ya pampu ya nozeli, au kwenye pampu ndogo ya kuvuta mafuta kama inaendeshwa na injini. Kuna chanzo kingine ambacho madereva wa Tunduma hawakifikirii: kukaa kwenye foleni ya mpaka usiku wa baridi injini ikiwa sailensa kwa saa nyingi. Silinda zinapoa, dizeli haiungui yote, inateremka kupitia ringi za pistoni mpaka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Kama huna sababu ya kuwasha, zima.

Maji yanaifanya oili iwe kama chai ya maziwa. Hapa nyanda za juu usikurupuke, maana utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili asubuhi ya baridi, Makete au Njombe, unaweza kuwa unyevu tu uliojikusanya. Hakiki hivi: liache gari lilale usiku kucha, asubuhi legeza nati ya sampo taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatangulia. Yakitoka, angalia kupozeo la oili, mipira ya chini ya laina za silinda, na gasketi ya silinda hedi. Kubadili oili bila kuziba njia ya maji ni kuzitupa lita nzima za oili mpya.

Halafu oili yenyewe. Dizeli nyingi za malori zimeandikiwa 15W-40. Namba yenye W ni tabia ya oili kwenye baridi. 40 ni uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100. Mtu akiona presha imeshuka anamwaga 20W-50 au chupa ya dawa ya kuongeza uzito, geji inapanda, gari linauzwa au linarudi barabarani. Nafasi kwenye beringi ipo palepale. Na asubuhi ya Juni Makambako oili hiyo nzito inachelewa kufika kwenye turbo na rokka, ambavyo ndivyo viko mbali zaidi na pampu. Tumia uzito wa kitabu cha injini, nunua kopo lenye sili isiyoguswa, na ulitoboe ukishalimaliza ili lisijazwe upya na kuuziwa mwenzako.

Geji ya mkono, injini ikiwa ya moto

Geji ya kwenye deshibodi inatoa fununu. Ushahidi ni geji ya mkono ya bar (kipimo cha presha) 0 hadi 10 yenye mpira imara, iliyofungwa moja kwa moja kwenye njia kuu ya oili baada ya filta. Chomoa sensa ya presha na ufunge geji hapo, au tumia tundu lenye plagi ubavuni mwa bloku. Pima meno ya sensa kabla ya kulazimisha kiungio: M10, M14 na M18 zipo, na zipo za inchi 1/8 ambazo zinafanana sana na M10. Ukilazimisha unapasua meno ya bloku.

Washa injini mpaka maji yafike nyuzi 80 hadi 90. Hili usilirukie. Asubuhi ya Njombe injini iliyochoka kabisa inaweza kusoma bar 5 kwa sababu oili ni nzito, na fundi akaapa kuwa haina tatizo. Soma ikiwa sailensa, kisha mizunguko 1,000, 1,500 na 2,000 kwa dakika. Andika kila namba.

Kitabu cha injini ndicho kinachoamua, lakini kama hakipo, dizeli nyingi za malori zikiwa za moto zinatakiwa kuwa na bar 1 au zaidi ikiwa sailensa, na bar 3 hadi 5 kwenye mizunguko ya kazi. Cummins 6BT, kwa mfano, haitakiwi kushuka chini ya psi (kipimo kingine cha presha) 10 ikiwa sailensa na psi 30 kwenye mizunguko ya juu, yaani kama bar 0.7 na bar 2. Chini ya hapo gari halitembei, hata kama mwenye mzigo anapiga simu kila baada ya dakika tano. Na ujue kwamba swichi ya taa nyingi inasubiri presha ishuke mpaka karibu nusu bar ndipo iwashe. Taa ikiwaka umeshachelewa.

Geji ya mkono ikisoma vizuri huku deshibodi ikilia, injini ni nzima na tatizo ni umeme. Kwa swichi ya waya mmoja, chomoa waya: taa ikizima, swichi ni mbovu, ikibaki inawaka, waya umechubuka na unagusa bodi. Kwa sensa ya waya tatu, swichi ya gari ikiwa imewashwa na injini haizunguki, tafuta volti 5 kwenye waya mmoja, ethi (hasi) kwenye mwingine, na karibu nusu volti kwenye waya wa taarifa. Fungua soketi pia. Oili ikipenya ndani ya sensa inatambaa kwenye waya na kuharibu usomaji.

Namba zikiwa kweli ziko chini, jinsi zinavyoshuka ndiyo inayokuelekeza:

- Chini ikiwa sailensa, nzuri ukikanyaga mafuta: oili nyepesi, au beringi zimekula. Hii ndiyo ile ya Ilula.
- Chini kila mahali na haipandi hata ukikanyaga: rilifu (valvu ya kuachia presha) imekwama wazi, springi imevunjika, plagi ya njia ya oili imetoka, au jeti ya kupoozea pistoni imekatika.
- Inapanda, kisha inashuka kadiri mizunguko inavyoongezeka: strena (chujio la kufyonzea oili kwenye sampo) imeziba, pampu inakosa cha kufyonza.
- Mshale unacheza: hewa inaingia kwenye bomba la kufyonzea, au oili ni pungufu.
- Inachelewa kupanda asubuhi kwa zaidi ya sekunde 15, baadaye ni nzuri: filta haizuii oili kurudi chini, au bomba la kufyonzea linavuta hewa.

Kama bloku ina tundu kabla ya filta, pima na hapo. Tofauti kubwa kati ya kabla na baada, zaidi ya bar 1 injini ikiwa ya moto, inamaanisha filta au kupozeo vimeziba.

Pasua filta ya zamani

Watu wanaitupa filta bila kujua wanatupa jibu. Ikate kwa msumeno mbali na ukingo, au bora kwa kikatio cha filta ili chembe za msumeno zisikuchanganye. Kunjua karatasi yake juani, na pitisha sumaku.

Kinachonaswa na sumaku ni chuma: gia, krenki, kamshafti. Vipande laini vya kijivu visivyonaswa ni uso wa beringi au pistoni. Rangi ya shaba ni habari nzito zaidi. Inaweza kuwa bushi ya juu ya konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki) au ya turbo, lakini pia inaweza kuwa beringi ambayo uso wake umeisha na tabaka la shaba lililo chini limeanza kuliwa. Ukiona shaba nyingi, sampo inashuka leo.

Utakutana pia na vishanga vya mpira wa bluu au mweusi. Hiyo ni gasketi ya tyubu iliyopakwa kama jemu ya mkate. Inayobaki nje unaiona. Inayobanwa ndani inakatika, inashuka na kwenda kuziba strena.

Rilifu

Hii ni valvu inayoachia oili ya ziada irudi kwenye sampo presha inapozidi. Kwenye injini nyingine iko kwenye pampu, nyingine kwenye bloku au nyumba ya filta. Ikiwa nje, ikague kabla ya kushusha sampo, kwa sababu ni kazi ya nusu saa. Fungua plagi polepole maana springi iko nyuma yake. Kipande cha ndani kioshwe kwa dizeli, kipakwe oili na kurudishwa kwenye tundu lake: kinatakiwa kuteleza kwa uzito wake chenyewe. Kikisita, tafuta mkwaruzo au chembe. Mkwaruzo mdogo unaondolewa kwa msasa wa maji namba 1000 au laini zaidi uliolowa oili, kisha osha kila kitu. Springi ilinganishwe urefu na mpya.

Usiweke washa (kipete cha bati) nyuma ya springi. Washa inapandisha presha ya juu kabisa tu. Presha ya sailensa, ambayo ndiyo inayokusumbua, haiguswi kwa sababu wakati huo rilifu imeshafunga. Utakachopata ni filta au kupozeo kupasuka asubuhi ya baridi.

Kushusha sampo

Mwaga oili ikiwa ya uvuguvugu, kwenye chombo safi, na uangalie kilichobaki chini. Kabla ya kugusa kitu kingine kagua strena, bomba lake na mpira wa kiungo chake. Ufa mdogo kwenye bomba hilo hauvujishi tone lolote nje lakini unaingiza hewa muda wote. Mulika tochi juu: jeti za pistoni zote zipo? Zimenyooka? Bolti zake zimekaza?

Sasa beringi. Fungua kofia moja ya konrodi kwa wakati, na usianze nyingine kabla ya kuirudisha ya kwanza. Kofia zina namba na upande. Kama namba zimefutika, weka alama zako kwa punchi. Konrodi inakula zaidi nusu ya juu, kwa sababu ndiyo inayopokea kishindo cha mlipuko, na meni, yaani beringi kuu inayobeba krenki kwenye bloku, inakula zaidi nusu ya chini. Uso wa kijivu uliolingana ni wa kawaida. Mistari mirefu inayoshika ukucha ni uchafu uliopita na oili. Rangi ya shaba ni kubadili, hakuna mjadala.

Kupima nafasi tumia plastigeji, uzi laini wa plastiki unaobanwa ukawa bapa. Futa oili yote kwenye shingo ya krenki (sehemu inayozunguka ndani ya beringi) na kwenye beringi, laza kipande cha uzi huo kufuata urefu wa shingo, rudisha kofia na ukaze kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) mpaka kipimo cha kitabu. Krenki isizunguke hata kidogo. Fungua, linganisha upana wa uzi uliobanwa na kipimo kwenye pakiti. Kanuni ya mafundi wa krenki ni karibu elfu moja ya kipenyo cha shingo: shingo ya milimita 80 inataka takribani milimita 0.06 hadi 0.08. Ikifika 0.15 umeikuta ile tundu ya mpira.

Kabla ya kuagiza beringi, soma mgongo wa ile ya zamani. STD ni saizi ya kiwandani, 0.25, 0.50 na kuendelea zinaonyesha krenki imewahi kusagwa. Krenki ya 0.25 ikifungwa beringi za STD inaondoka na robo milimita nzima ya nafasi ya ziada, na hakuna pampu duniani itakayoijaza. Hata hivyo usiuamini mgongo peke yake. Pima kila shingo kwa maikromita, sehemu mbili kwa urefu na pande mbili zinazokatizana. Ikiwa na umbo la yai kwa zaidi ya milimita 0.03, au ina mikwaruzo, krenki ishushwe isagwe, na mwenye mashine aulizwe kama aina hiyo inahitaji kuimarishwa uso tena baada ya kusagwa.

Mambo mawili hayafai kabisa, na bado yanafanyika: kusaga kofia kwa tupa ili "ibane", na kuweka karatasi au bati nyuma ya beringi. Tupa inaharibu duara la konrodi moja kwa moja. Karatasi inazuia joto lisitoke na inaweza kuziba tundu la oili. Bolti za konrodi zinazokazwa kwa toki kisha kwa kuzungushwa nyuzi kadhaa zinavutika, weka mpya.

Beringi zikiwa salama, ndipo pampu ipate zamu yake. Fungua mfuniko, laza rula ya chuma juu ya gia na upenyeze fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa pampu nyingi, nafasi ya milimita 0.05 hadi 0.12 inakubalika, na ikizidi 0.15 pampu imechoka. Kagua pia mikwaruzo ndani ya nyumba yake, kwani pampu inafyonza oili ambayo bado haijapita kwenye filta. Ijaze oili kabla ya kuifunga, la sivyo itazunguka kavu na kushindwa kufyonza.

Kurudishia na kuwasha

Osha sampo, pitisha brashi ndefu na upepo kwenye matundu ya krenki kama ilishushwa. Kama kulikuwa na vyuma vingi, kupozeo la oili lifunguliwe nalo, kwa sababu vipande vinalala humo vikisubiri beringi mpya. Gasketi ya tyubu ipakwe mstari mwembamba, mzunguko mmoja kuzunguka matundu ya bolti.

Jaza filta mpya kwa oili safi, weka oili kwenye injini, na uache geji ya mkono ikiwa imefungwa. Kata mafuta: vuta stopa (waya wa kuzimia injini), au chomoa soketi ya mafuta. Piga stata sekunde 10 hadi 15, pumzisha dakika moja au mbili, rudia mpaka mshale unyanyuke. Mshale usiponyanyuka usiwashe; rudi kwenye bomba la kufyonzea.

Ukinyanyuka, rudisha mafuta na uwashe bila kukanyaga. Angalia mavujo, acha injini ipate moto, kisha chukua namba zilezile nne: sailensa, 1,000, 1,500, 2,000. Ziandike kwa rangi ndani ya mlango wa dereva pamoja na tarehe na kilomita, ili fundi wa Ipogolo au Mwanjelwa atakayeifungua siku nyingine awe na cha kulinganisha. Kama beringi zilibadilishwa, oili na filta zitoke baada ya kilomita 500 hadi 1,000, na filta hiyo nayo ipasuliwe. Oili chafu iingie kwenye pipa lenye mfuniko, mbali na mfereji, kwa sababu mifereji inateremka mpaka kwenye mashamba.